Mpiga Taipu Aliyeifungua Fomu

Ukiingia ofisini kwetu Nachingwea, ulimsikia kabla hujamwona. Alipiga taipu kama mtu anayetwanga mahindi, mapigo mazito yanayofuatana bila kuyumba, na kila alipofika mwisho wa mstari alirudisha ile mashine kwa kishindo kilichowashtua wageni. Tulimwita Mpiga Taipu. Kwenye barua ya ajira aliandikwa katibu muhtasi, na miaka mingi baadaye akaandikwa msimamizi wa tovuti. Barua zote mbili alizipokea, akazikunja, akaziweka kwenye faili lake.

"Kazi yangu ni kupiga taipu," alikuwa akisema. "Hayo mengine ni majina ya kuandikia barua."

Shirika letu lilikuwa dogo. Lilisomesha watoto waliofaulu kwenda sekondari lakini kwao hakuna uwezo, wengi wao watoto wa wakulima wa korosho na ufuta. Makao makuu yalikuwa ng'ambo, kwa wafadhili. Huku tulikuwa na ofisi mbili: kubwa ilikuwa Nachingwea chini ya Mratibu, na ndogo Ruangwa, ambako nilikaa mimi, meza moja na kabati lenye mlango mbovu. Nilikuwa nimeacha ualimu nikaingia kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ndiyo maana aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, na mimi nikamwita Mama, ingawa hatukupishana sana umri. Ukoo wake sikuwahi kumwuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia ya kwao. Ninachokijua vizuri ni kazi yake, na kazi yake ilikuwa fomu.

Fomu ya maombi aliikata yeye mwenyewe kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo ukiitoboa kwa herufi za mashine unaidurufu kwa kuzungusha mkono. Wengi tukitunga fomu tunafikiria maswali. Yeye alifikiria nafasi.

"Kuuliza kila mtu anaweza," aliniambia siku moja, rula mkononi. "Jibu litakaa wapi?"

Aliwahi kupitia rundo la fomu za miaka iliyopita akitafuta jina refu kuliko yote. Alilipata: mtoto mmoja wa Kimakua, baba yake alitoka Msumbiji, ana majina manne na mawili ni ya Kireno. Akapima kwa rula urefu wa jina lile kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, akaongeza nusu inchi, na tangu siku hiyo mstari wa jina kwenye fomu zetu haukupungua hapo. "Mstari ukiwa mfupi, mtu anamkata babu yake ili aenee," alisema.

Na hakuna fomu iliyotoka kabla haijapita jikoni. Tulikuwa na mama mmoja wa kupika chai aliyeishia darasa la nne. Mpiga Taipu alimpa fomu mpya na kalamu, akakaa pembeni, mikono kifuani, bila kusema neno. Alikuwa anatazama kalamu inasimama wapi. Ikisimama, anaweka alama. Mratibu aliwahi kulalamika kwamba fomu ya wafadhili haiwezi kuhaririwa na mpika chai. Akajibiwa, "Akikwama yeye, mia watakwama. Nani atakuwa pembeni yao huko kijijini Lionja?"

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mpole. Hakuwa. Simu aliipokea kama aliyeamshwa usingizini. Watoto waliocheka kwenye foleni aliwatoa nje. Na siku ya mwisho ya maombi, saa kumi kamili alasiri, alifunga mlango, hata kama kuna mtu anaonekana anakuja kwa mbali. Mwaka mmoja aliyekuja kwa mbali alikuwa mtoto wa wifi yake. Alifika saa kumi na nusu, jasho linamtiririka, akagonga, akalia. Mlango haukufunguliwa. Wifi yake alikaa msimu mzima wa korosho bila kumsalimia.

Nilimwuliza kama halikumwuma.

"Liliniuma," alisema. "Lakini kuna mtoto alitembea kutoka Lionja toka alfajiri, akawahi. Ningemtazamaje?"

Kompyuta ilipokuja mwishoni mwa miaka ya tisini aliitazama wiki nzima bila kuigusa. Aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, maua mekundu na majani, kama inavyofunikwa redio sebuleni. Siku alipoanza kuitumia aliigonga kwa nguvu zile zile za mashine ya zamani, na kabla ya mwaka kwisha herufi A ilikuwa imefutika kwenye kitufe chake. Mratibu akamwomba agonge taratibu. Alijaribu siku mbili, akasema akigonga taratibu hasikii kama kazi imefanyika.

Miaka ya elfu mbili ilipofika kati, makao makuu wakaamua kwamba maombi yote yapite kwenye tovuti. Karatasi zilikuwa zinachelewa, zinalowa, zinapotea njiani. Wakatufungia dishi la mtandao juu ya bati, na fundi mmoja wa Dar es Salaam akatutengenezea tovuti. Aliijenga ndani ya mfumo wa kusimamia tovuti, yaani mtambo ambao mtu akiwa na neno la siri anaingia kwa nyuma, anaongeza habari, anabadilisha picha, bila kuwa mtaalamu. Mle ndani mlikuwa na fomu pia, iliyokuja na mtambo wenyewe, fundi akaipaka rangi za shirika na kuandika maswali yaliyotoka makao makuu. Mtoto au mlezi wake alikuja ofisini, akakaa mbele ya kompyuta, sisi tukamsomea na kumjazia, na mwisho tukabofya kitufe cha kutuma.

Pembeni ya baadhi ya maswali kulikuwa na nyota ndogo nyekundu. Penye nyota ni lazima pajazwe. Ukiacha wazi, ukabofya, fomu inakurudia na maneno ya Kiingereza kwa rangi ya damu. Jina la baba lilikuwa na nyota. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa na nyota. Sanduku la posta lilikuwa na nyota.

Hapa inabidi niseme langu. Nyota zile mimi zilinisumbua siku mbili tu, kisha nikapata njia. Mtoto asiyejua siku aliyozaliwa nilimwandikia tarehe mosi Januari. Asiye na sanduku la posta nilimpa la ofisi yetu. Asiye na baba nilimtafutia jina lolote la kiume lililo karibu naye. Ruangwa yangu ilijaa watoto waliozaliwa siku moja. Sikuona kama ni uongo. Niliona ninasaidia.

Siku ile nilikuwa Nachingwea kusaidia, maana foleni ilikuwa kubwa. Akaja bibi mmoja kutoka Kiegei na mjukuu wake wa kike, amefaulu vizuri, viatu kashika mkononi asivichafue kwa udongo mwekundu wa njiani. Bibi alivuka mto Ruvuma zamani kutoka Msumbiji akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto yule ndiye aliyekuja kumzaa huyu binti, akafariki. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kinapanda na kushuka kwa lafudhi ya Kimakua.

"Jina la baba," nikauliza.

"Mimi," akasema bibi.

"Baba yake, bibi."

"Ndiyo. Andika mimi. Nimelea mimi, nimelima mimi, shuleni nimeitwa mimi. Baba simjui, na mama yake alikufa hajasema."

Nikabofya ili tu aone. Maneno mekundu yakatoka. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kama nilivyokuwa nimewaambia wengi, "Tuandike jina la mjomba wake, bibi. Haina neno."

"Mjomba alikufa," akasema. "Nimsingizie maiti mtoto?"

Foleni nzima ilicheka. Binti alitazama chini. Mpiga Taipu alikuwa nyuma yangu na sikujua. Aliinama, akasoma yale maneno mekundu, akanyooka.

"Kwa hiyo kwa mashine hii," akasema, "mtoto huyu hajazaliwa."

"Mama, huwa tunaandika tu—"

"Huwa mnaandika nini?"

Nikamwambia. Yote, hadi tarehe mosi Januari. Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alimpa bibi kiti, akamwambia binti avae viatu vyake, akaandika majina yao kwenye daftari la wageni kama alivyowaandika wote walioingia mlango ule, akasema, "Nendeni nyumbani. Fomu ikiwa tayari nitawaita. Bado haijawa tayari."

Tulibakiwa na wiki tatu kabla ya mwisho wa maombi.

Kwanza alimpigia simu fundi wa Dar. Nilimsikia kijana yule kwenye kipaza sauti, mchangamfu, ana haraka zake.

"Mama, hizo nyota zimewekwa na wazungu, usizichokonoe. Ukigusa huko nyuma unaweza kuua tovuti yote."

"Zinaondolewaje?"

"Inawezekana, ila mpaka waniandikie wenyewe. Mimi napokea oda kwao."

Akawaandikia makao makuu. Walijibu kwa adabu kwamba fomu ni ya nchi zote wanakofanya kazi, na itapitiwa mwakani. Mratibu akasema suala limekwisha. Mpiga Taipu akamwomba neno la siri la kuingilia nyuma, akisema anataka kurekebisha makosa ya tahajia kwenye ukurasa wa habari. Makosa yalikuwepo kweli. Aliyarekebisha yote kwanza, ili asiwe amesema uongo.

Kisha akachapisha kitabu cha maelekezo ya ule mfumo, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiingereza, akakitoboa na kukifunga kwa uzi. Alikisoma saa za chakula cha mchana na kamusi pembeni. Kiingereza chake kilikuwa cha barua: alijua "yours faithfully" na "with reference to", lakini kitabu kile kilikuwa na maneno mengine kabisa. Alipigia mstari kwa penseli. Neno moja lilipomshinda alinipigia simu Ruangwa, na mimi nikatafuta kwenye kamusi yangu, na mara nyingi tukakuta kamusi zote mbili hazina.

Alianza na lililo jepesi. Yale maneno mekundu ya Kiingereza aliyatafuta mpaka akapata faili yanakokaa, akayaandika kwa Kiswahili. Mahali palipokuwa pakikukaripia, sasa palisema: "Hapa bado hujajaza. Rudi, hujachelewa." Nilipoyaona mara ya kwanza kule Ruangwa nilicheka peke yangu. Ilikuwa sauti yake, ila ya siku zake nzuri.

Kwenye tarehe ya kuzaliwa aliongeza kisanduku cha kuchagua: najua tarehe, najua mwaka tu, nakadiria. Sanduku la posta akalibadilisha likawa "Barua ikufikie wapi?", na chini yake nafasi ndefu ya kuandika shule, msikiti, kanisa, au duka la fulani. Kwenye faili moja alikosea nukta-mkato moja, na tovuti nzima ikageuka ukurasa mweupe kwa saa moja. Yeye, ambaye alinirudishia barua zangu kwa sababu ya koma! Aliitafuta mstari kwa mstari kwa rula hadi akaikuta.

Mpika chai aliitwa, akakalishwa mbele ya kompyuta. Alikwama mara moja, alama ikawekwa, pakarekebishwa.

Lakini jina la baba lilikataa. Nyota yake haikuwa na swichi kama nyingine. Ilikuwa imefungwa kwenye mzizi wa fomu. Kitabu kilishauri njia moja: tengeneza fomu mpya pembeni, kisha uifute ya zamani. Akaitengeneza. Palipokuwa na jina la baba pakawa na "Nani anakulea?" na chini yake nafasi ya majina mawili, yeyote yule. Akaijaribu, ikakubali. Siku tano kabla ya mwisho, asubuhi, aliifuta fomu ya zamani.

Ilipofutika iliondoka na maombi yote yaliyokuwa yameshatumwa kupitia kwake. Sitini na matatu. Hakujua kwamba majibu yalikaa tumboni mwa fomu. Fundi alipopigiwa simu alisema hakuwahi kuweka nakala ya akiba.

Nilipata habari kwa simu, na nilipofika Nachingwea kwa pikipiki ya ofisi nilimkuta Mratibu amesimama mlangoni mwake, ameshika kichwa.

"Umeua watoto sitini na watatu," Mratibu alikuwa anamwambia. "Kwa sababu ya nyota!"

Hakujitetea. Mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona imetulia mchana wa kazi, ilikuwa juu ya meza, viganja chini.

Mratibu alikuwa ameshaomba makao makuu waongeze siku; walikataa. Sasa akawa na wazo. "Tunawakumbuka wengi. Tujaze upya tunachokumbuka, mengine tukadirie. Mwalimu hapa anajua namna."

Nilitazama sakafu.

"Hapana," akasema Mpiga Taipu. Alivuta daftari la wageni. Majina yote ya Nachingwea yalikuwemo, na kijiji cha kila mmoja, kwa mwandiko wake ulionyooka; ya Ruangwa yalikuwa kwenye daftari langu. "Kosa nimelifanya mimi. Nitawafuata mmoja mmoja. Mwalimu, pikipiki ina mafuta?"

Alidurufu fomu za karatasi kwa ile mashine ya zamani, akazifunga kwenye nailoni, akavaa koti la mvua la marehemu mume wake, akapanda nyuma yangu. Hakuwa amewahi kupanda pikipiki. Alinishika mabega kwa nguvu za kupigia taipu. Jioni nilikuta alama.

Siku nne tulizunguka. Lionja tuliwakuta wengi shuleni, walimu wakatusaidia. Kiegei njia ilikuwa imekatwa na mvua tukasukuma pikipiki. Kila tulipoketi alianza na maneno yale yale, kwa mlezi na kwa mtoto: "Shikamoo. Maombi yenu nilikuwa nayo, nimeyapoteza mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nimekuja tuandike tena." Wengine walikasirika. Mzee mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba mwanamke wa ofisini anachezea maisha ya watoto kama karata. Alisubiri mzee amalize, akasema, "Ni kweli, baba. Sasa tuandike?" Wakaandika.

Yule bibi wa Kiegei tulimkuta anapura mbaazi. Hakuwa kwenye wale sitini na watatu, maana maombi yake hayakuwahi kukubaliwa. Mpiga Taipu alimwambia, "Bibi, fomu iko tayari," akampa karatasi. Penye "Nani anakulea?" binti mwenyewe aliandika jina la bibi yake, herufi kubwa, polepole. Bibi alitaka asomewe. Akasomewa. Akaitikia kwa kichwa mara moja, akarudi kwenye mbaazi zake.

Malolo, upande wangu wa Ruangwa, ilikuwa zamu yangu kuona haya. Wale walikuwa watoto wangu wa tarehe mosi Januari. Niliwauliza upya, safari hii kwa kusikiliza. Mama mmoja alikumbuka kwamba mwanawe alizaliwa mabibo ya korosho yakiwa yanaanguka, siku ya mnada. Niliandika mwezi, nikachagua "nakadiria". Mpiga Taipu aliisoma begani kwangu, akageuza karatasi inayofuata.

Siku ya mwisho tulikaa wawili kwenye kompyuta mbili tukiingiza karatasi moja baada ya nyingine. Saa tisa na dakika chache tulimaliza. Tulikuwa tumeingiza sitini na wawili, na juu yao yule binti. Mmoja hatukumpata. Ni kijana wa Lionja ambaye familia yake ilikuwa imehamia mashamba ya mbali ya ufuta, na hakuna aliyejua ni wapi hasa. Tulikwenda mara mbili, tukakuta mlango umefungwa kwa kamba. Saa kumi Mpiga Taipu akaufunga mlango wa ofisi kama kila mwaka.

Watu waliposimulia kisa kile kwa sifa, wakisema aliwapata sitini na wawili, alikuwa akiwakatiza. "Mmoja nilimpoteza," anasema. Mwaka uliofuata alimtafuta tena. Tukaambiwa ameshakwenda Mtwara kubeba mizigo bandarini. Sijui aliishia wapi. Wala yeye hakujua, na hilo lilimkaa.

Ungedhani tulishinda. Orodha ya waliochaguliwa ilipotoka, binti wa Kiegei hakuwemo, wala wengine kadhaa wanaolelewa na bibi au dada. Mratibu akasema ndiyo hivyo, ushindani. Mpiga Taipu alikaa na orodha ile siku mbili. Kisha akaingia nyuma ya mfumo, akapakua jedwali ambalo makao makuu hulisoma, akaniita.

"Tazama. Fomu nimeibadilisha uso. Mgongo wake sijaugusa."

Kwenye jedwali ile safu ya jina la baba ilikuwepo bado, tupu, na majina ya walezi yalikuwa yamesukumwa mwisho kabisa, kulia, ambako hakuna aliyefika kusoma. Watu wa kuchagua kule walikuwa wanaondoa kila mstari wenye nafasi tupu, wakidhani maombi hayakukamilika. Hakuna aliyewakataa watoto wale. Hakuna aliyewaona.

Alijifunza kupanga safu. Aliandika barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza chake cha "with reference to", akaambatisha jedwali jipya, akaeleza alichofanya tangu mwanzo, pamoja na kufuta maombi. Mratibu alikataa kusaini. Akaituma kwa jina lake.

Mambo mawili yalirudi kwa wiki moja. La kwanza lilikuwa barua ya onyo kali kwa kubadilisha mfumo bila idhini. La pili lilikuwa orodha ya nyongeza. Binti wa Kiegei alianza kidato cha kwanza Februari, wenzake wameshasoma wiki kadhaa. Barua ya onyo Mpiga Taipu aliisoma kwa makini, akasahihisha kwa penseli kosa moja la tarehe, akaiweka mwenyewe kwenye faili lake. Mwaka uliofuata makao makuu waliichukua fomu yake wakaitumia nchi nyingine, bila kumwandikia neno. Alipoiona kwa lugha ya watu wengine, nafasi zote zikiwa pale pale alipoziweka, alisema tu kwamba mstari wa jina wameufupisha.

Alistaafu miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni. Mimi nikahamishiwa Nachingwea, nikapewa kompyuta yake, ile isiyo na A, na neno la siri.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda ilikuwa Ijumaa moja baada ya sala. Nilimkuta kibarazani kwake anachambua choroko kwa vidole, maana ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeshaziba jicho la kulia na la kushoto lilikuwa linafuata. Alinitambua kwa mwendo.

"Mwalimu. Kuna nini? Huji siku ya kazi bila jambo."

Nilikuwa nimekaa nalo wiki mbili. Makao makuu walikuwa wameleta mfumo mpya, fomu mpya. Ya baba ilikuwa sawa, ya tarehe ilikuwa sawa. Lakini sasa walitaka namba ya simu ya mkononi ya kila mwombaji, ujumbe utumwe huko, mtu ajibu, ndipo maombi yakubalike. Kiegei simu zilikuwa chache, na zenyewe zilishika mtandao kwa kupanda kilimani. Nyumba nyingi hazikuwa nayo hata moja.

Nilimweleza. Alisikiliza, vidole vinaendelea na choroko.

"Anayeingia nyuma sasa ni nani?"

"Ni mimi."

"Umejaribu?"

"Safari hii wamefunga kabisa, Mama. Mpaka wao wenyewe."

"Umewaomba?"

Sikuwa nimewaomba. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu, na faili langu halikuwa na onyo hata moja.

Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga. "Ndani mezani kuna karatasi na kalamu. Lete, ukae. Andika."

Nilidhani ataniambia maneno. Hakuniambia. Alisema niandike kwa maneno yangu, kisha nimsomee. Niliandika nusu saa. Watoto wa jirani walipita, wakamwamkia, akawaitikia bila kugeuka. Nilipomaliza nikasoma. Nilianza kwa kusema samahani kwa usumbufu.

"Futa hiyo."

"Ni adabu tu, Mama."

"Adabu ni shikamoo. Samahani ni ya mtu aliyekosa. Umekosa nini?"

Nikafuta. Nikasoma tena. Penye neno "baadhi ya watoto" alinisimamisha. "Baadhi ndio akina nani? Waandike kwa vijiji." Nikaviandika: Kiegei, Lionja, Malolo. Penye "tungependa" akasema, "Mnataka au hamtaki?" Nikaandika tunataka. Barua ilizidi kuwa fupi, na kila ilipopungua niliiogopa zaidi.

Mwisho nikamsogezea kalamu, nikidhani atapenda jina lake liwemo.

"Mimi nimestaafu," akasema, akarudisha ungo mapajani. "Saini wewe."

Nikasaini. Jumatatu asubuhi niliituma. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, na lilikuwa hapana. Nikavuta kiti, nikaandika ya pili.